Krismasi ya Walioletwa

Jumapili, 7 Desemba

Leo baada ya chakula kwa Mama mkwe nimeuliza mbele ya wote: kamba mwaka huu ipo au haipo? Mume wangu akaanza kuchokonoa meno, na nyama yenyewe hatukula. Kaka yake, ambaye nyumba nzima tunamwita Kaka Mkubwa, akasema tule Krismasi kwa utulivu kama mwaka jana. Utulivu! Mwaka jana tulikula kama abiria wanaosubiri basi, kila mtu na sahani yake magotini, halafu kila mtu kwake.

Tangu niolewe, Krismasi ya nyumba hii ni kuvuta kamba. Watoto wa tumbo la Mama upande mmoja, sisi tuliooa na kuolewa humu upande wa pili, katikati mstari wa majivu. Wao wanajiita Wenye Nyumba. Sisi wametubandika jina la Walioletwa. Hatujawahi kushinda. Tunaburutwa mpaka kwenye bomba la maji, wifi yangu akiwa mbele ya wenzake, khanga kiunoni, anamtania mumewe aliye upande wetu: "Nyumbani nakupikia, uwanjani nakuburuta."

Wifi alitutoka mwaka jana, mwezi wa sita. Kamba haijaguswa tangu hapo. Krismasi moja bila kamba, sawa, ni msiba. Ya pili bila kamba — tumeshazoea. Hicho ndicho ninachoogopa.

Jumatano, 10 Desemba

Saluni yangu imefurika. Desemba wanawake wote wanakumbuka kwamba wana vichwa. Vidole vyangu vimevimba, mgongo si wangu.

Mke wa Kaka Mkubwa alikuja kusuka jioni. Yeye ni mwalimu wa michezo, na hata nyumbani tunamwita Mwalimu tu. Nikamweleza. Akasema nimshike vizuri hapo nyuma, na ndiyo, yumo. Amechoka kuishi na bwana anayemburuta kila mwaka.

Tukahesabu. Zamani wao wanne, sisi watatu. Sasa wao watatu: Kaka Mkubwa, mume wangu na Kitindamimba, mdogo wao anayesomea uuguzi. Watatu kwa watatu. Wote wawili tulijua nafasi ya nani ndiyo imetusawazisha.

Lakini wa tatu wetu ni Shemeji Mikate. Mume wa marehemu wifi. Tangu tujengee kaburi hajakanyaga kwa Mama.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimekwenda kwenye tanuri lake asubuhi kabla ya kufungua saluni. Nikamkuta amezama kwenye kinyunga mpaka viwiko, unga kwenye nyusi. Amekonda uso, lakini mikono ile ile. Mikono ya kukanda mikate ya mtaa mzima.

Nikasema shida yangu. Hakuacha kukanda.

"Shemeji, mimi nilifika nyumba ile kwa mlango mmoja," akasema. "Mlango wenyewe umefungwa. Nije kama nani?"

"Kama Walioletwa."

"Aliyenileta yuko wapi?"

Nikabaki nimesimama na mkoba wangu kama mtu aliyekuja kudai chenji. Akanifungia mkate wa moto kwenye karatasi, wa watoto, akanisindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote. Heshima zenyewe ndizo zilizoniumiza. Zamani angenitania kuhusu miguu yangu myembamba.

Jumanne, 16 Desemba

Mama amekubali kusukwa! Tangu msiba amekuwa wa kitambaa kichwani tu. Sikumpeleka saluni. Tulikaa barazani kwake, yeye kwenye mkeka, kichwa chake katikati ya magoti yangu. Nywele zimeingia mvi, laini kama za mtoto mchanga.

Nikafikiri: sasa hana pa kwenda. Nikamwambia yote. Kamba, Mwalimu, tanuri, mlango uliofungwa.

Nikasuka mistari miwili mizima ya nywele. Halafu:

"Kasema mlango umefungwa?"

"Ndivyo alivyosema, Mama."

"Na mimi kasema ni nani? Kufuli?"

Nikacheka mpaka kitana kikanianguka. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama yule baba bado anaoka ile mikate ya maziwa. Nikasema anaoka. Akasema nisimvute sana hapo kwenye sikio.

Ijumaa, 19 Desemba

Mama ni mtu hatari.

Shemeji Mikate kanipigia simu, sauti haijakaa sawa. Jana Mama alifika tanurini mwenyewe, nywele mpya, viatu vya kanisani. Hakutaja kamba. Hakumtaja wifi. Kaagiza mikate ya maziwa ya Krismasi, ya kutosha watu wote wa nyumbani, halafu akasema anataka iletwe siku yenyewe, ya moto, na aliyeioka ndiye ailete. Shemeji akajaribu kusema ana msaidizi wa kusambaza. Mama akamwambia msaidizi si mkwe wake.

"Si 'alikuwa,'" Shemeji akaniambia. "Kasema msaidizi 'si mkwe wangu,' maana yake mimi ndiye."

Nikamwambia nimeelewa. Akarudia tena hata hivyo. Kisha akauliza mazoezi ni lini.

Jumapili, 21 Desemba

Mazoezi uani kwa Shemeji, baada ya ibada. Kwa siri! Mume wangu anajua nimekwenda kwa mteja.

Tulifunga kamba nyingine kwenye mkokoteni wa tanuri, ukiwa umejaa magunia ya unga, tukauvuta. Mara ya kwanza haukusogea hata inchi. Mwalimu akavua viatu, akapuliza filimbi yake ya shule, akatugeuza wanafunzi wake. Kumbe miaka yote tulikuwa tunavuta kila mtu na wakati wake, kama watu wanaogombania shuka! Tukajifunza kulala nyuma pamoja, kupiga hatua pamoja, yeye anaita, sisi tunaitikia. Shemeji mwisho wa kamba, ameizungusha kiunoni, visigino vimechimba ardhi.

Mkokoteni ukasogea. Kisha ukatufuata kama mbuzi. Ukagonga ukuta wa jirani. Jirani akatoka na ufagio kuuliza kuna nini, tukashindwa kumjibu kwa kicheko. Shemeji Mikate alikuwa ameketi juu ya gunia, unga mwili mzima, anacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Muda mrefu sijamwona hivyo.

Jumatano, 24 Desemba

Nimesuka tangu alfajiri, miguu imekufa ganzi. Jioni wote tulikutana kwa Mama kufyeka majani na kufunga mapambo. Watoto wamepasua maputo karibu yote kabla hayajapanda ukutani.

Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika vitambaa vya meza, nikamsikia Kaka Mkubwa akimwambia mume wangu kwamba Mama hakupaswa kumwita yule. Nikakunja ngumi. Kumbe hajamaliza. Akasema hana chuki naye. Ila kila akimwona anaangalia nyuma yake kumtafuta dada yao, kwa sababu walikuwa wanaingia pamoja siku zote. Halafu hayupo. Halafu inabidi azike upya.

Mume wangu akamwambia, taratibu, kwamba na yeye Shemeji huenda anaangalia nyuma vilevile.

Nikaacha kukunja ngumi. Nimempikia mume wangu chai ya tangawizi leo bila kuombwa. Ananitazama kwa mashaka.

Alhamisi, 25 Desemba

TUMESHINDA.

Naandika na viganja vimechubuka, kalamu inauma. Nianze mwanzo.

Kanisa, nyumbani, mezani. Mama hakuruhusu mtu kula. Mikate haijafika, akasema. Watoto wakalia njaa. Kaka Mkubwa akatazama saa, akatazama mlango, akatazama saa. Kisha tukasikia harufu kabla ya hodi. Shemeji Mikate mlangoni, shati limepigwa pasi, sinia kubwa kichwani, mwenyewe hajui aingie au akabidhi.

Mama hakuinuka. Akamwambia, "Umechelewa. Keti pale pako." Pale pake! Kiti kile cha dirishani tulikuwa tumekiwekea mapambo, hakuna aliyekuwa anakikalia. Kitindamimba akayakusanya haraka haraka. Shemeji akaketi. Tukala. Mwanzoni vijiko tu ndivyo vilivyokuwa vinaongea, lakini mkate wa maziwa wa moto hauliwi kimya, na mtoto wangu mdogo akauliza kwa sauti kwa nini Baba Mikate alipotea. Shemeji akasema alipotea njia. Mtoto akasema njia si ni hii hapa ya moja kwa moja? Hata Kaka Mkubwa alicheka.

Ndipo Mwalimu akasimama na filimbi shingoni. Hakuomba ruhusa. Akaenda stoo, akarudi na kamba begani, akaitupa uani.

Wote tukamtazama Mama. Mama ndiye refa, na ni refa wa kupendelea, haoni haya. Akamwaga majivu ya mstari kwa mkono wake mwenyewe. Mstari ukatoka umepinda. Hakuna aliyeurekebisha.

Wenye Nyumba wakajipanga. Mbele, pale pa Wifi, pakabaki wazi. Wakatazamana nani asogee. Dakika ilikuwa ndefu. Nilimwona Shemeji anaanza kuiachia kamba. Kisha Kitindamimba, binti mwenye umbo la ufagio, akafunga khanga kiunoni, akasogea mbele kabisa, akamtazama Shemeji usoni.

"Nyumbani hata kukupikia sijui," akamwambia, "lakini hapa nitakuburuta."

Mama akageuka upande. Shemeji akaishika kamba upya.

Mvuto wa kwanza wakatuchukua. Tulisahau kila kitu. Bomba la maji lile lile, tope lile lile. Mume wangu akanipungia mkono, hana adabu.

Wa pili, Mwalimu akaita, tukaitikia. Wakashangaa. Kabla hawajamaliza kushangaa walikuwa wamevuka mstari. Kaka Mkubwa akadai tumecheza rafu. Mkewe akamuuliza rafu ipi.

Wa tatu sitausahau. Kamba ilisimama hewani kama waya, haiendi huku wala kule. Majirani kwenye ukuta, watoto wanapiga sufuria. Mikono yangu ilikuwa imeshakata tamaa, mimi bado. Mbele yangu Mwalimu sauti imemkauka anaita tu, nyuma yangu nasikia Shemeji anapumua. Kisha kwa mara ya kwanza nikamsikia yeye ndiye anaita. Si kwa nguvu. Anaita kama anavyoita mikate itolewe motoni: haya, taratibu, haya. Tukalala nyuma. Hatua. Haya. Hatua. Mume wangu akateleza, Kitindamimba akamfuata, na Kaka Mkubwa, dereva wa lori, mtu wa kilo zake, akaburuzwa kwa makalio akiwa na suruali ya Krismasi.

Shemeji hakujua tumeshinda. Alikuwa amefumba macho. Akaendelea kuvuta, akawaburuta wote watatu mpaka bombani, kule kule.

Mama akatangaza ni sare. Majirani wakamzomea. Akasema basi, Walioletwa wameshinda, na isiandikwe popote. Naandika.

Nilichotaka kuandika hasa ni hiki. Shemeji alifungua macho, akamwona Kaka Mkubwa kwenye tope, akaogopa. Akampa mkono. Kaka Mkubwa alikaa akiutazama ule mkono. Kisha akaushika, akainuka, hakuuachia.

"Mwaka kesho," akamwambia, "usije na mikate. Umetulisha ukatulegeza."

Mwaka kesho. Kasema mwaka kesho.

Ijumaa, 26 Desemba

Siwezi kuinua mikono. Nimevaa gauni kwa msaada wa mtoto. Mume wangu anatembea kama babu yake, anasema ni unyevunyevu. Nimemwita Mwenye Nyumba siku nzima.

Jumapili, 28 Desemba

Nipo jikoni kwa Mama, naandika nimesimama, daftari juu ya sinia la vikombe. Nikichelewa wataniita.

Shemeji Mikate amekuja, na hakuja peke yake. Jana aliniomba nimtangulie kwa Mama nikamwambie. Kuna mwanamke, mshonaji, mjane, mpole. Wamejuana miezi michache. Alitaka Mama amwone kabla ya mtu mwingine yeyote. "Mama yangu mzazi hayupo," akasema. "Nimpeleke wapi pengine?" Nikamwambia Mama asubuhi. Aliendelea kupembua mchele. Akasema waje saa ya chai.

Wamekuja. Yule mwanamke amesimama mlangoni, mikono ameikunja mbele, hajui akae wapi. Kiti cha wazi ni kimoja, karibu na picha ya Wifi. Kila mtu ameliona hilo, yeye pia. Salamu ya Shemeji imetoka nusu.

Mama amemtazama kuanzia juu mpaka viatu. Halafu amesogea kwenye kochi, amepigapiga kwa mkono pembeni yake. "Njoo huku kwangu, mama. Hapo kuna upepo."

Hakuna upepo. Madirisha yamefungwa.

Ameketi. Mama kashika gauni lake, anauliza nani kaushona huu mkunjo. Nikavuta pumzi, nikaja kuchukua vikombe.

Kaka Mkubwa kainuka, katoka nje uani. Namwona kupitia dirisha hili la jikoni, ametupa mgongo, amesimama pale majivu yalipofutika. Mama kamwita mara moja kutoka sebuleni, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mgeni hajasalimiwa.

Hajageuka. Amevua miwani. Anaifuta kwa ncha ya shati, polepole, kioo kimoja, sasa cha pili. Mwalimu ametoka kwa mlango wa nyuma, amesimama karibu naye, hamgusi.

Ameivaa. Amegeuka, anaangalia mlango. Chai inapoa, wananiita