Nilivyomtoa Mjomba Studioni

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada yangu,

Salamu nyingi, na uzipokee pamoja na lawama za kuchelewa kujibu. Hujambo? Goti linaendeleaje na hizo ngazi za hospitalini kwenu? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mama alishikwa na mafua wiki nzima, sasa ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo tunajua amepona.

Ujumbe wako niliupata. Umenishukuru kwa kumpigania baba yako, Mjomba wangu, pale kituoni. Dada, sikumpigania. Nakuandikia nikiwa na aibu kubwa, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanipigia simu kunitukana.

Kituo chetu cha televisheni si kile ulichokiacha. Amekuja mkurugenzi mpya, mtu wa tabasamu na kishikwambi mkononi. Taarifa ya habari ya saa moja jioni, iliyokuwa ya saa nzima, imekatwa mpaka dakika ishirini na tano. Meza imeondolewa. Siku hizi nasoma nimesimama, natembeatembea mbele ya skrini kubwa kama mtu aliyepoteza funguo. Yule mama wa hali ya hewa amestaafishwa kabla ya wakati, na mvua na jua nimepewa mimi. Wapiga picha walikuwa sita, wamebaki wawili.

Kazi ya baba yako unaijua: kukaa gizani nyuma ya kamera, kuyapandisha maneno kwenye kioo ili mimi niyasome, watazamaji wakidhani nimeyahifadhi kichwani. Miaka kumi na tisa. Wanaosifu mwendo wangu wa kusoma hawajui kwamba ni wa kwake. Nikikaribia jina gumu, alipunguza. Nikikohoa, alisimamisha. Wiki ile tuliyomzika baba yangu nilisoma nimekabwa na kilio, na Mjomba aliyapandisha maneno taratibu mno hata wewe ukanipigia kusema nimesoma vizuri. Na ndiye aliyenishika mkono kunipeleka pale siku ya kwanza.

Sasa sikia nilichofanya. Mkurugenzi aliniita ofisini, akanionyesha kidude kidogo cha kushika mkononi. Ukibonyeza kwa kidole gumba, maneno yanapanda yenyewe. Akaniuliza kama naweza kusoma huku nakiendesha. Hakunilazimisha. Nilijua anauliza nini hasa, maana karatasi ya majina ya watu wa kupunguzwa ilikuwa mezani, mbele ya macho yangu. Ningemwambia tu, hapana bosi, yule mzee ndiye nusu ya sauti yangu. Niliogopa kuonekana nimepitwa na wakati. Nikapiga kifua, nikasema hata kesho. Tena nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba macho ya mzee siku hizi yamechoka. Dada, macho ya baba yako ni mazima kuliko yangu.

Siku tatu baadaye unga wake ukamwagika. Walimpa cheti kwenye fremu, wakapiga naye picha. Akaaga kila mtu, akaja kwangu mwisho. Akaniambia, "Usijali mpwa wangu, najua ulijaribu." Nikajikausha, nikaitikia kwa kichwa. Hiyo habari ya kwamba nilimpigania ilianzia hapo. Sikuitunga mimi, ila niliiacha itembee mpaka ikakufikia wewe.

Jumatatu ya kwanza nikiwa peke yangu nilipata nilichostahili. Kidole kilibonyeza mara mbili, maneno yakapaa, nikajikuta nawapongeza wenye vibanda vilivyoungua sokoni, kumbe nimeshaingia kwenye habari ya timu ya wasichana iliyochukua kombe. Muuza magazeti wa kona yetu ananipongeza kila asubuhi.

Ijumaa nilirudi kwa mkurugenzi, nikamwambia nilidanganya kuhusu macho. Alinitazama kama ninayemchelewesha. Akasema nafasi yenyewe imeshafutwa, mwenye macho wala asiye na macho hahitajiki. Nikatoka uso umenishuka.

Jana nikaenda kwa Mjomba, nimejiapiza kumweleza kila kitu. Kumbe naye alikuwa ananisubiri. Hakunipa nafasi hata ya kuvua viatu. Akanishikisha rimoti ya televisheni yake, akanipa gazeti, akaniambia nisome kwa sauti na nibonyeze kila nikimaliza kuvuta pumzi.

"Mpwa, nani anakufukuza? Pumua kwanza, ndipo ubonyeze."

Saa mbili nzima ananifundisha. Mama yako alininong'oneza jikoni kwamba tangu aache kazi hajamwona amechangamka hivyo, kutwa hukaa anatazama ukuta. Ningemwambiaje mtu anayenifundisha kwa moyo mweupe kazi niliyomnyang'anya? Nilikunywa chai yao nikaondoka. Huo ndio uoga wangu, Dada, wa pili baada ya ule wa ofisini, na sijui upi ni mbaya zaidi.

Msalimie shemeji, wabusu wapwa, na yule jirani yako anayekusindikiza sokoni mwambie tunamshukuru. Mama anakusalimu sana. Mungu akupe afya, akutunzie nyumba yako, na mikono yako iwafae wagonjwa wako.

Barua hii siitii kwenye bahasha bado. Jioni hii nakwenda nayo kwa Mjomba, nimsomee yote, kuanzia salamu mpaka mstari huu, na siruki neno. Kwa hiyo ikikufikia, ujue ameshaisikia. Kama bado ananiita mpwa wake, muulize mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Kasuku