Maji ya Ua Lako, Baba

Baba,

Ni mimi, mke wa Gwamaka. Miaka yote niliyoishi kwenye nyumba yako hapa Uyole sikuwahi kukuambia hata neno moja, maana kwetu Wanyakyusa mkwe haongei na baba mkwe wala hakai naye chumba kimoja. Hata sasa naandika huku naangalia mlango. Lakini nina maswali, na wa kuyajibu ni wewe.

Ni habari ya ua lako la sebuleni, lile jekundu lenye kiulimi cha njano. Siku ya msiba wako vijana walitoa kila kitu sebuleni ili tutandike mikeka, na ua wakaliweka nje pamoja na makochi. Baridi ya Julai unaijua. Tuliporudi kutoka kukuzika nililikuta majani yamelala, meusi, kama mchicha uliopikwa. Nililia pale kuliko nilivyolia kaburini. Unisamehe, ndivyo ilivyokuwa.

Maana mimi na wewe tulikuwa na hilo tu. Ukitoka, nagonga mlango kwanza, ndipo naingia kulifuta majani. Naligeuza lielekee dirishani. Kesho yake nalikuta umelirudisha. Naligeuza tena, unalirudisha tena. Ulikuwa mbishi, na mimi sijambo. Halafu siku moja, uko peke yako sebuleni, nikakusikia unasema kwa sauti: "Anayefuta haya majani ana mkono mzuri." Nilijua unaniambia mimi. Siku hiyo niliunguza maharage kwa furaha.

Sasa ulikuwa unalitunzaje? Mimi nililisogeza karibu na jiko la mkaa lipate joto, likakauka kingo. Nikalimwagia maji ya bomba, likazidi kunywea. Gwamaka akasema nilitupe, tutanunua lingine sokoni Mwanjelwa. Nilimnunia mpaka jioni.

Mwishowe nikamuuliza Mama, akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Kumbe yale maji ya moto niliyokuwa nakujazia kwenye chupa ya chai jioni, asubuhi nakuta yameisha, hukuwa unayanywa yote. Ulikuwa unayaacha yapoe, yakiwa vuguvugu unalimwagia ua, kwa sababu maji ya bomba ya huku ni barafu. Na mimi nilidhani baba mkwe wangu ana kiu. Kwa hiyo tulikuwa tunalinywesha wote wawili, na mimi sijui.

Nimefanya hivyo, na katikati limetoa jani moja, changa, linang'aa. Ua lenyewe bado. Ila kwa nini hukutaka lielekee dirishani? Mama hajui. Nimeliacha upande ulioutaka wewe, nione litafanya nini.

Juzi nilikuwa nalifuta, mtu akakohoa mlangoni. Nilishafika jikoni na kitambaa mkononi ndipo nikakumbuka kwamba haiwezi kuwa wewe. Alikuwa jirani tu. Nilibaki kule kule jikoni kwa muda, sikutaka kutoka.

Pumzika, Baba. Maji nitachemsha kila jioni. Na sebuleni kwako nitaendelea kubisha hodi kwanza, ndipo niingie.

Mkweo