Kura Moja Iliyoharibika

Mwenzangu, acha jiko kwanza unisome.

Wanangu wote wawili walikuja kwangu kusikiliza matokeo redioni. Unajua tangu kampeni hawasalimiani, kila mmoja na chama chake. Nikawaketisha meza moja, nikidhani leo yataisha.

Kikasomwa kituo chetu cha pale shuleni. Mgombea wa mkubwa amepita kwa kura mbili. Halafu: "Kura iliyoharibika, moja."

Mdogo akasema, "Mjinga gani huyo?" Mkubwa akadakia, "Ajuza fulani, kalamu kaishika kama mwiko!" Wakacheka. Wote wawili, mwenzangu! Mkubwa hata akammiminia mdogo wake chai.

Ajuza mwenyewe ni mimi. Nilimtilia alama wa mkubwa, nikamwonea huruma mdogo, nikamtilia na wake. Mama atamchagua nani amwache nani?

Nilitaka kuwaambia, ili wazidi kucheka. Mkubwa akaniwahi: "Basi mmeshindwa, kubalini." Mdogo akasimama. "Mmeiba. Na wewe kuanzia leo si ndugu yangu."

Si ndugu yangu! Mbele yangu mimi niliyewazaa!

Akatoka, chai hajaionja.

Sasa mkubwa amenioshea vyombo vyote, ila kikombe cha mdogo wake amekiacha mezani kimejaa. Nimemuuliza mbona hakioshi. "Atarudi kunywa," amenijibu, macho yakiwa mlangoni.

Mwenzangu, chai imeshaweka utando.