Tumeikataa Nyumba ya Bure

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama huwa unapitia mistari miwili tu kisha karatasi inawekwa juu ya kabati. Kifua chako kinaendeleaje siku hizi? Na shemeji, mgongo bado unamsumbua? Mwambie alalie godoro gumu na asinyanyue ndoo, hata kama unamtazama kwa lile jicho lako.

Huku tu wazima. Wifi yako hajambo, mimi sijambo, mtoto amepona mafua. Mama tulimtembelea jana. Majani ya kaburi yameshika vizuri na jiwe limesimama wima.

Barua yako niliipata, na nimeisoma mara nne. Umesema mtu mwenye akili timamu hakatai nyumba ya bure, tena yenye ukuta na mlinzi. Umesema pia kwamba nikihama namwacha Mama peke yake. Hilo la pili lilinikalisha chini. Nakujibu taratibu, kwa sababu wewe ndiye mkubwa wangu na ndiye niliyebaki naye, na sitaki kuondoka hapa tukiwa tumenuniana. Lakini nisikufiche: tumekwisha amua. Ijumaa wifi yako amepeleka barua kazini kwao ya kuikataa nyumba ile.

Cheo chake kipya unakijua. Atasimamia maabara ya kupima maji, na maabara ipo huko, haiwezi kutufuata. Mimi kazi yangu inaingia kwenye sanduku moja: nyundo, kalibu, gundi, sindano. Fundi viatu hana cha kulalamika akiambiwa ahame. Kwa hiyo kuhama hatukubishana. Tulichobishana ni wapi pa kukaa, na hapo mimi ndiye niliyekuwa mgumu, mke wangu shahidi.

Sababu nitakueleza, maana wewe hukuwepo ile miaka mitatu ya mwisho.

Nyumba hii tunayoishi ilinifurahisha tulipoipata. Pana, tulivu, uwanja wa kutosha. Lakini mbele kuna barabara kuu, na hakuna mahali pa kuivukia mpaka uende mbali kwenye daraja la ngazi. Mama alijaribu mara mbili. Mara ya tatu alifika ukingoni, akasimama, akarudi, akaniambia kiatu kinambana. Nilikivua nikakitazama, hakikuwa kinambana popote. Tangu siku ile hakuvuka tena. Alimpeleka mtoto shule kwa kichochoro cha nyuma, kwenda na kurudi, na hayo ndiyo yalikuwa matembezi yake. Alimpa mtoto jina la Kasuku kwa sababu njia nzima alikuwa anasema. Magoti yalipokataa, alikaa dirishani. Unajua alifikia kuyajua magari kwa mlio? Alikuwa ananiambia, "Ile nyeupe leo imechelewa." Watu hakuwajua, Dada. Alijua magari. Yule Mama yetu ambaye zamani akitumwa chumvi anarudi jioni kwa salamu za njiani.

Siku ya msiba wewe ulifika umechoka, na nyumba ilijaa ndugu waliotoka mbali, kwa hiyo hukuona. Jirani wa nyumba ya tatu alikuja kutoa pole, mtu mwema kabisa, akanishika mkono akaniuliza kwa mshangao, "Kumbe ulikuwa unaishi na mama yako?" Miaka mitatu. Nilimjibu ndiyo, nikamkaribisha kiti. Lakini neno lile sijalimeza mpaka leo. Siku ileile nilijiapia kwamba nikihama tena, sitahamia mahali ambapo mtu anaweza kuishi na kufa bila jirani kujua.

Basi tulipewa siku tatu za kwenda kutazama.

Siku ya kwanza tulipelekwa kwenye nyumba zao za wafanyakazi. Ni nzuri, sikatai. Wifi yako alizungushwa jikoni, mimi nikabaki getini na mlinzi. Nikamuuliza duka liko wapi.

"Una gari?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi duka liko mbali."

"Na mwenye gari?"

"Mwenye gari, liko karibu."

Tukacheka wote wawili. Unajua tabia yangu, siwezi kukaa na mtu bila kumtazama miguuni. Kila aliyeingia na kutoka pale alikuwa na kiatu kizima, soli safi, kisigino kama kimetoka dukani leo. Aliyekuwa na soli iliyolika pale ni yule mlinzi peke yake. Basi la wafanyakazi hupita asubuhi na jioni, katikati hapo ni wewe na ukuta. Nikamwona mke wangu kazini, mtoto shuleni, na mimi nimekaa dirishani nasikiliza magari. Nikasema hapana kabla hajamaliza kuonyeshwa makabati.

Siku ya pili nilifanya kosa, na ni kosa la aibu kwa mtu wa kazi yangu. Tulikwenda kwenye mtaa mpya wenye njia pana za miguu, miti pande zote, viti vya kupumzikia. Tulifika asubuhi na mapema, watu wamejaa njiani. Nikamwambia mke wangu hapa ndipo, nikawa niko tayari kutoa neno langu kwa mwenye nyumba. Niliona viatu vingi barabarani nikafurahi, nikasahau kutazama ni viatu gani. Vyote vilikuwa raba za mazoezi. Hakuna kiatu kimoja cha shule, hakuna buti la kazi, hakuna ndala ya mtu aliyetoka kununua kitunguu. Ilipofika saa mbili, njia ikawa tupu kama imefagiliwa. Nilimsalimia bwana mmoja, akanitazama kwa huruma akaniuliza kama nimepotea. Kisha nikaenda kutafuta uzi, nikatembea dakika arobaini, nikarudi bila uzi. Wifi yako alinisubiri kwenye kile kiti cha kupumzikia.

"Mtaa wa kutembea," akasema, "ila hakuna pa kwenda."

Siku ya tatu hatukuwa na pa kutazama. Tulikwenda tu maabara, ajulishwe kwa wenzake, na mimi nikasimama mlangoni. Akapita mama mfanya usafi. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa na kiraka pembeni, na kiraka kile, Dada, kimeshonwa kwa mshono ambao siku hizi huuoni: sindano mbili, uzi umetiwa nta, ncha zimefichwa ndani. Nikamwomba samahani, nikamuuliza nani amemshonea. Aliona ajabu kidogo, lakini akanielekeza. Ng'ambo ya daraja, kushoto penye kinyozi, anakokaa yeye na nusu ya watu wanaofika pale kwa miguu.

Tukakifuata kiraka.

Fundi mwenyewe ni mzee mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilisimama nikimtazama mikono. Hakuinua kichwa.

"Kama umeleta kiatu, kiweke. Kama umeleta maneno, kaa."

Nikakaa. Nikamwambia mimi pia ni fundi viatu, tumetoka mbali, na tunatafuta nyumba.

"Mtaa huu?"

"Huu huu, tukipata."

"Kwa hiyo umepanda basi kutwa nzima kuja kunitoa tonge mdomoni."

Kinyozi wa mlango wa pili alicheka mpaka akazima mashine, na mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu, akachungulia nje naye asipitwe. Nikasema sikuja kwa ubaya. Mzee akanirushia kiatu cha kike, kisigino kinacheza. Nikakikaza palepale kwa vifaa vyake. Akakigeuza, akakigonga mezani, akakitazama kwa jicho moja.

"Visigino chukua wewe," akasema. "Siku hizi mikono inatetemeka, nyundo inakiona kidole kabla ya msumari. Ila viraka usiniguse."

"Sikugusi."

"Na redio naifungua mimi."

"Sawa, mzee."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi kabla sijapata nyumba. Nyumba ipo juu ya kinyozi huyohuyo, vyumba viwili na sebule ndogo.

Sitakupamba maneno. Dirisha la jikoni linatazama ukuta. Ngazi ni nyembamba, kabati la Mama halitapita mpaka nilifungue misumari. Ukifungua bomba mchana, maji yanakuja kama yanafikiria. Na kelele zipo. Kinyozi na mkewe wanasema lugha ambayo sijui hata neno moja. Upande mmoja wanaamka kuswali, upande wa pili wanafanya mazoezi ya kwaya, na yule wa kati, mhasibu mwenye tai, anawalalamikia wote kisha anakula kwao. Fundi wa kupaka rangi anapakana na mwalimu mstaafu. Ukitaka uzi, uko hatua thelathini. Dawa ya kikohozi, hatua mia na kidogo. Shule ya mtoto iko upande huohuo wa barabara.

Mke wangu hakukubali siku ile. Alisema, "Wenzangu watasema nimepandishwa cheo nikashuka mtaa." Nilimwambia na waseme, kazini atafika kwa miguu, dakika chache tu. Akasema mimi nina miguu mirefu, dakika zangu si dakika zake. Hapo alikuwa na haki, kwa hiyo sikubishana. Kesho yake, kabla ya kupanda basi la kurudi, alivaa viatu vyake vya kazini, vile vyeusi nilivyomwekea soli mpya, akatembea mwenyewe kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa maabara. Mimi nilikatazwa kumfuata. Dakika ishirini na mbili. Aliporudi alikuwa amebeba nyanya na ameshajua jina la mtoto wa muuza mboga. Hakusema amekubali, aliniuliza tu kabati la Mama tutalifungua vipi.

Sasa nije kwenye lile neno lako, la kumwacha Mama.

Nimelifikiria nikiwa kazini na nikiwa pale makaburini. Anayetunza makaburi nimemtengenezea buti zake bila kumdai, na ameniahidi palizi. Mimi mwenyewe nitakuja mara mbili kwa mwaka, na mwezi wa kumi na mbili tutakuja wote, na wewe ukiweza. Lakini Dada, nikwambie ninavyoamini bila kukukosea adabu. Mama hatujamwacha peke yake leo. Tulimwacha peke yake alipokuwa hai, mimi nikiwa naye nyumba moja, kwa sababu nilitazama ukubwa wa uwanja, sikutazama barabara. Nikikaa hapa kulinda jiwe, kosa lile halipungui. Nikienda mtoto akalelewa na mtaa mzima, hapo nitakuwa nimejifunza kitu kwake. Kwa hili sitarudi nyuma, hata ukiniandikia kurasa kumi.

Mtoto ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Tangu bibi yake aondoke, anakwenda shule kimya. Yule Kasuku anashika mkono wangu na kutazama chini njia nzima. Nilimuuliza mara moja mbona hasemi, akaniambia, "Baba, wewe huulizi kama Bibi." Nikaanza kuuliza, lakini sijui maswali yenyewe.

Jumamosi ya tarehe mosi tulimpeleka akaone kwa macho yake. Tulipokuwa tunashuka ngazi, alitangulia mbio, kamba za kiatu zimefunguka. Muuza mboga akamkamata bega.

"Wewe. Kamba hizo zitakuangusha hapo mbele, halafu tuambiwe hatukukuona. Mtoto wa nani huyu?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikawahiwa. Kinyozi, wembe mkononi, akasema mtoto wa fundi mpya. Mzee wa viraka akasema mtoto wa mwenzangu. Mke wa kinyozi akaongeza kitu kwa lugha yao, akionyesha dirisha letu la juu. Nasi hatujahamisha hata kijiko. Mtoto akakaa juu ya kreti, akafunga kamba, na akaanza kumweleza yule muuza mboga kwamba yeye hufunga mafundo mawili, kwamba jino lake la mbele linacheza, kwamba ana shangazi wa mbali mwenye kikohozi. Nilisimama pale na sanduku langu mkononi, sikuwa na haraka ya kuondoka.

Ndiyo maana nimeamua. Siku yangu ikifika nikafia kule, nataka watu wabishane nani alinisalimia mwisho.

Tunahama tarehe ishirini na nane. Njoo utuone kifua kikitulia. Kutoka kituo cha basi utafika kwa miguu bila kuuliza, na ukiuliza utajibiwa na watu wanne.

Msalimie sana shemeji. Wasalimie wapwa zangu, mkubwa na wale mapacha, na yule mwanao wa hiari uliyemlea. Mama mdogo mpigie magoti kwa niaba yangu, mwambie chupa yake ya chai aliyoisahau msibani ninayo salama. Wifi yako anakusalimu, mwanao anakusalimu, anasema uweke vitunguu swaumu kwenye kile kikohozi.

Mungu akupe pumzi nzuri na nyumba yenye amani, akulinde mpaka tuonane.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukinuna,

Fundi

Usiku ukisali, unitaje na mimi.