Nyasi Niliyoitangaza Redioni

Jumatatu, 30 Juni
Nimepita shambani kabla ya ofisi, kama kawaida. Mkutano wa wahadhiri umeanza bila mimi. Shauri yao. Nyasi imefika magotini! Masuke yanakauka vizuri. Hapa palikuwa na changarawe tupu, hata mbuzi walipakimbia.

Katikati ya Julai baraza la chuo linakuja kuamua: Idara ya Kilimo ibaki, ama ifungwe na shamba lijengwe hosteli. Nimepigania kilimo cha kisayansi tangu ujanani, nikapanda nacho mpaka nikawa mkuu wa chuo. Mama bado anauliza, "Ulisoma kote huko ndio ulime nyasi?" Ndio, mama. Nyasi.

Jumatano, 2 Julai
Redio! Nilipewa dakika chache, nikachukua nyingi. Nimesema yote: nyasi iko magotini, kisima chetu kina maji, eneo ni tulivu, karibuni mjionee. Nimerudi nikiimba garini.

Ekai, meneja wa shamba, alikuwa amesikiliza. Hakucheka. Akauliza kama nilikuwa natangaza utafiti ama malisho. Nikamwambia aache kunimwagia maji baridi.

Jumamosi, 5 Julai
Wageni wa kwanza! Wanaume wawili kwa pikipiki. Walitafuna nyasi, wakachungulia kisima, wakauliza kama kuna wezi wa mifugo. Wakapiga simu, wakaenda. Nimewapa chai kwa furaha.

Ekai amenikumbusha. Ukame ukikaza, wafugaji hutuma watu wa kutafuta malisho, nao hurudi na habari za nyasi, maji na usalama. Zile zile nilizotangaza, kwa mpangilio ule ule. Jamani! Profesa mzima. Na nimezaliwa Isiolo hii hii.

Jumapili, 13 Julai
Ng'ombe wamefika. Wa Garbatulla, wa Sericho, mbavu nje. Baraza linakuja kesho.

Naibu wangu anataka polisi. Nimemkaripia. Niliwaita kwa mdomo wangu mwenyewe. Huku hukaribishi ng'ombe wenye njaa halafu ukafunga lango. Lakini wakiingia, mbegu kwisha, na mbegu ndiyo utafiti wote. 

Nikaenda langoni. Aliyewasemea wafugaji ni Halima, mjane wa Sericho mwenye ng'ombe wake na mdomo wake. Salaam zikaisha haraka. Nikaomba leo tu tuvune mbegu, kisha nyasi yote ni yao.

"Profesa, ng'ombe hawa wametembea siku nyingi. Wakianguka hapa, utawainua wewe?"

Nikasema mbegu pia tutagawana. Akatazama nyasi, akatazama ng'ombe.

"Sasa tunangoja nini? Lete magunia."

Lo! Sijawahi kuona kazi kama ile. Wahadhiri, wanafunzi, akina mama wa Garbatulla, wote tukipukusa masuke kwa mikono. Wanaume waliwanywesha ng'ombe, wakawashikilia upande upepo unakotoka, wasinuse nyasi. Ng'ombe walilia mchana kutwa. Mtamba mmoja wa Halima alianguka. Hakuinuka. Halima alimwendea, akamshika pembe kidogo, akarudi kuvuna kando yangu. Niliona aibu na sikuacha kuvuna.

Jua lilipozama tukafungua lango.

Jumatatu, 14 Julai
Baraza limekuta mashina ya nyasi, kinyesi, na ng'ombe wanaocheua. Mwenyekiti, viatu vinang'aa: "Profesa, shamba liko wapi?"

Nikamwonyesha. Nyasi iko ndani ya ng'ombe, mbegu iko ndani ya magunia. 

Halima akadakia. "Mzee, mkifunga hapa, mwakani tulete ng'ombe kwako?"

Wote wakacheka isipokuwa Mwenyekiti. Baraza likajifungia mpaka jioni.

Idara inabaki! Nimepiga kelele kama msichana wa shule, nimemkumbatia Ekai mbele ya watu. La pili limeniingia baadaye: mkataba wangu hautaongezwa. Eti nilikosa busara hadharani. Naondoka mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 26 Julai
Nafungasha vitabu. Hasira ipo. Nimelia kidogo, nikanywa chai.

Halima amepiga simu. Alirudi Sericho kwa lori na mgao wake wa mbegu, na wameanza kuchimba vishimo vya kukinga maji ya mvua. Anauliza mbegu iende chini kiasi gani. Nimemwambia juu juu tu, wafunike kidogo, wakizika sana haitaota. Kisha nikamweleza kwamba nimeondolewa.

Hakunipa pole. 

"Kwa hivyo sasa uko na nafasi. Unakuja lini?"

Nimesema Jumanne.