Majani ya Kijitoni na Samaki wa Marehemu

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiomba unishike mkono, maana nimefika mahali ambapo kila nikifungua kinywa niseme kweli nakifunga tena kwa kisingizio cha kunywa chai, na mimi si kijana, nina miaka sitini na tisa, nimefundisha sayansi miaka thelathini na miwili, na mwanangu wa pekee alifariki mwaka jana akaniacha nyumbani na mkewe, ambaye ananiita Baba na kunipikia na kunikumbusha dawa za presha kana kwamba ni mimi niliyemzaa.

Marehemu alipenda samaki wa mapambo. Sebuleni, kwenye ukuta usiopigwa na jua, aliweka tangi la kioo refu kama benchi la watu wawili, ndani yake visamaki kumi na vinne vidogo kuliko kidole changu cha mwisho, pamoja na majani ya majini ambayo hakuwahi kuyanunua. Alikwenda kuyachuma mwenyewe kijitoni nyuma ya kiwanda cha matofali, suruali ameikunja hadi magotini, nami nikimshikia ndoo. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba jani la kijitoni haliingii tangini siku hiyohiyo. Hulowekwa peke yake wiki tatu katika beseni jeupe, maji yakibadilishwa, kwa sababu ndani ya majani hujificha mayai ya konokono, ruba, na hasa watoto wa kereng'ende. Mdudu huyo kabla hajaota mabawa huishi majini, na hula samaki wadogo. Beseni linatakiwa liwe jeupe ili kila kinachotambaa kionekane. Marehemu aliishika kanuni hiyo kuliko mimi niliyemfundisha.

Tangu tumzike, mkewe ndiye anayetunza tangi, ingawa habari za kuloweka majani hakuwahi kufundishwa. Akirudi kutoka zahanati ya meno anakofanya kazi mapokezini, hata viatu hajavua, huvuta kigoda akakaa mbele ya kioo. Mwezi uliopita majani yalianza kuoza, naye akapelekwa na ofisi mji mwingine kwa wiki moja, nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha kabla hajarudi, nikaenda kijitoni. Fundi cherehani, jirani yetu, aliponiona narudi na matope hadi kiunoni aliniuliza kama siku hizi nafundisha vyura, nikacheka, Shangazi, nadhani kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Nilipofika nyumbani niliingia stoo kutoa beseni. Sasa beseni hilo ndilo tulilomwekea marehemu kando ya kitanda siku zile tatu za kutapika, maana tumbo lilimshika Ijumaa, mkewe akasema tungoje Jumatatu, daktari anayemfahamu atakuwa zamu, sote tukaona ni busara, na Jumapili kidole tumbo kikapasuka. Nilikaa na beseni mapajani kitambo, kisha nikalirudisha nyuma ya magunia. Majani nikayasuuza bombani tu, nikayapanda.

Aliporudi alisimama mlangoni na begi lake begani, akasema, "Baba, umeenda mwenyewe?" halafu akacheka na kulia kwa pamoja. Siku ya sita samaki wakaanza kupungua. Wengine walipotea kabisa, wawili tuliwakuta wanaelea bila mikia, naye akaamini wamekufa kwa kosa lake kisha wenzao wakawatafuna. Kwamba alipobadilisha maji hakuyaacha yakae siku nzima ili dawa ya kusafishia maji ya bomba itoke. Nilimsikia akihesabu siku kwa vidole, Jumanne niliyateka, Jumatano niliyamimina, au ilikuwa Jumanne ileile. Asubuhi moja, yeye akiwa kazini, nikamwona mtoto wa kereng'ende amejibana kwenye shina la jani, samaki yuko mdomoni. Nikamtoa kwa upawa, nikamponda kwa kandambili, nikaosha upawa, nikanyamaza. Baadaye nikatoa wengine wawili, nikanyamaza vilevile. Samaki wamebaki watatu.

Juzi mezani alisema, kwa sauti ileile anayoitia wagonjwa majina pale zahanati, "Baba, kila ninachoachiwa nitunze kinafia mikononi mwangu. Alianza yeye, sasa hawa. Bora nirudi kwa mama kabla sijakuua na wewe."

Ataondoka mwisho wa mwezi ujao. Mimi ndiye niliyewaua. Nikimwambia naogopa ataondoka kesho yake kwa hasira, nisipomwambia ataondoka hata hivyo, na nyumba ina vyumba vinne. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu

*

Mwalimu wangu,

Pole kwa msiba, na pole kwa nyumba yenye vyumba vinne. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika kwenye beseni niliiweka chini nikaenda kusimama dirishani. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Kanuni uliijua, mkono ukakataa, na nani angekuwa na moyo wa kufanya vingine.

Sasa nikugombeze, maana ndicho ulichonunulia stempu.

Kuhusu kereng'ende umenipa somo zima, tena zuri, nimejifunza jambo nisilolijua. Lakini "mimi ndiye niliyewaua" umeliandika kwa maneno matatu, mwishoni, ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Na kuna mahali umepita haraka zaidi. Umesema, "sote tukaona ni busara." Sote ni nani, Mwalimu? Ni yeye aliyependekeza mngoje, na wewe, baba mzazi, mwenye elimu ya sayansi, uliyekuwa katika chumba kilekile ukakubali. Je, umewahi kumwambia hivyo kwa mdomo wako? Nadhani hujawahi. Angekuwa amelisikia hata mara moja, asingesema kwamba mumewe amefia mikononi mwake. Binti huyu amebeba Ijumaa ile peke yake mwaka mzima, huku wewe ukinywa chai upande wa pili wa meza, na sasa umemwongezea samaki kumi na mmoja.

Sisemi kwamba mlimuua mwanao. Maumivu ya tumbo huja na kuondoka, watu wengi hungoja Jumatatu, na wengi wao Jumatatu huwakuta wazima. Lakini kama halikuwa kosa, lilikuwa lenu wawili. Na kama lilikuwa kosa, lilikuwa lenu wawili vilevile.

Unaniuliza useme au unyamaze, halafu unapima kipi kitamfanya abaki. Acha kupima hivyo. Anayezama ni yeye, nawe umekaa unafikiria nani atakupikia.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii, kabla hajarudi kutoka kazini, watoe samaki watatu waliobaki uwaweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi lilelile. Ng'oa majani yote, yaanike juani hadi yakauke kabisa ndipo uyatupe. Usiyarudishe kijitoni, maana yamekaa na samaki wa kufugwa na hujui yamechukua ugonjwa gani. Tangi litakuwa tupu akiingia, ataliona, ataulizia. Mwache avue viatu, ale kwanza. Zima redio. Mwambie, "Majani niliyaleta mimi, sikuyaloweka, wadudu wakala samaki, maji yako hayakuwa na kosa lolote." Usianze kumweleza mabawa huota lini. Mwambie kwa nini hukuyaloweka, hata kama sauti itakukatika. Kisha, kabla ujasiri haujakutoka, mwambie: "Na Ijumaa ile nami nilikubali tungoje."

Halafu nyamaza, na najua kwa mtu wa kazi yako hapo ndipo penye ugumu. Akikasirika usijitetee. Akilia usimwambie "basi". Akiinuka akaenda chumbani kwake, osha vyombo.

Huenda ataondoka bado, na siwezi kukudanganya kwamba hataondoka. Akiondoka usimzuie mlangoni, wala usimtumie jamaa wa kumbembeleza. Mchukulie begi, mfikishe hadi kwa mama yake, na ukikaribishwa ndani, kabla hujanywa hata maji, rudia mbele ya mama huyo maneno yale ya Ijumaa, ili ajue kwamba binti yake hakuamua peke yake. Mwache akuulize anachotaka kukuuliza, na mjibu.

Ukimaliza, ndipo urudi nyumbani.

Shangazi