Wafanyakazi wa Siku ya Mkaguzi

Kaka yangu mpendwa,

Mimi ni mzima, nimenenepa, na bado hakuna mwanamume mtaani anayenishinda kuchomelea vyuma. Mama hajambo, anakusengenya kila siku.

Lile daraja la serikali limeanza kujengwa, na mkataba unasema wanawake nao waajiriwe. Kampuni ya ujenzi ikatuita sisi wanawake sita siku ya mkaguzi wa serikali tu, ikatuvisha kofia ngumu na kutushikisha makoleo. Mkaguzi akatusifu. Mimi na mdomo wangu nikamwambia, "Mheshimiwa, tutazame vizuri, maana kesho hatupo. Huamini? Njoo bila kupiga simu."

Msimamizi akaninong'oneza, "Dada, umejiharibia."

"Nimeharibu nini, kaka? Kibarua cha siku moja?"

Jioni akatuambia tusirudi tena. Wenzangu walitegemea kuitwa ukaguzi ujao. Sasa mmoja hanisalimii, na hilo limeniuma. Lakini kesho asubuhi nitasimama getini pale darajani nimngoje mkaguzi. Asipokuja, nitamfuata ofisini kwake. Kwa hiyo ile nauli uliyoniahidi ya kuja kuishi kwako usitume. Sihami. Daraja hili nitalichomelea mimi, na wale watano nitaingia nao, hata huyo aliyeninunia.

Dada yako asiyejua kunyamaza